Wakuu, PS2 hazionyeshi picha kwenye flat, nimefunga ofisi siku ya tano

Baba Padi
Habari za jioni wanajamvi. Nina ofisi ndogo ya gemu huku Mbagala, mechi moja shilingi 300. Wiki iliyopita nilitoa TV za chogo zote tatu nikaweka flat, maana vijana walianza kunikimbia. Tangu siku hiyo PS2 hazionyeshi picha. Nachomeka, skrini inaandika "No signal", halafu inajizima na kataa ka chini kanabaki kanapepesa. Kuna fundi kasema dawa ni kuzifungua PS2 zote tatu na kuchomelea ndani HDMI, lile tundu la picha la TV za kisasa, 60,000 kila moja. Naombeni ushauri: hiyo bei ni ya haki?

Kigoda
Navuta kiti.

Chumvi Kali
Mtu mzima na akili zako unalilia gemu. Watoto wa shule wanatoroka vipindi kwa sababu ya ofisi kama yako. Ningekuwa mjumbe wa mtaa ningeshukuru hizo flat zisiwake mpaka mwakani.

Fundi Mstaafu
Bei tuiache kwanza. Unachomeka waya gani, na hizo flat nyuma zina matundu gani? PS2 imetoka mwaka 2000, HDMI ilikuwa bado haijaingia sokoni. Inatoa picha kwa AV: pini ya njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Flat nyingi bado zinapokea AV. Nyingine tundu lake ni dogo kama la hedifoni, linataka kale kawaya kafupi kanakokuja ndani ya boksi, ambako watu hukatupa pamoja na boksi. Nyingine njano inachangia tundu moja na kijani, ukikosea kuchagua kwenye menyu picha inakuja nyeusi na nyeupe. Tupia picha ya mgongo wa TV.

Baba Padi
Waya ninao mkuu. Upande mmoja HDMI, upande wa pili pini tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Nimenunua mitatu. Kwa kuwa waya wa PS2 nao una pini za kiume, nimekutanisha kwa viungio vya kike. Muuzaji kaniapia kwamba ndiyo yenyewe.

Fundi Mstaafu
Waya wako ni mzima na hautafanya kazi hata siku moja. PS2 inatoa analojia, tundu la HDMI linataka dijitali. Umemkutanisha Mmakonde na Mchina na mkalimani hujaleta. Mkalimani ni konveta, kiboksi kidogo kama cha kiberiti kikubwa, kinakula umeme wa volti 5. Picha ya flat bado naisubiri.

Mtaa wa Pili
Umenikumbusha machungu. Nilikuwa na PS3, naitumia kwenye chogo kwa AV. Siku nimenunua flat nikachomeka HDMI: giza. Nikabadilisha waya: giza. Nikajua PS3 imekufa, nikampa mtoto wa dada yangu kwa bei ya kutupa. Jioni ile ile ananitumia video anacheza! Namuuliza umefanyaje, ananiambia, "Anko, unaizima mpaka taa nyekundu, halafu unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili." Mlio wa pili tu! Inasahau kwamba ilikuwa AV na inatafuta waya uliopo. Hadi leo akinisalimia nasikia ule mlio.

Kigoda
Hiyo ni PS3 mkuu, mwenzio ana PS2.

Mtaa wa Pili
Najua. Nimejisikia tu kusema.

Baba Padi
Picha siwezi, kamera ya simu imepasuka.

Dada wa Zamu
Kamera imepasuka, flat mpya tatu. Haya baba, zina spika hizo flat?

Baba Padi
Hazina. Kwani spika inahusiana nini na picha?

Fundi Mstaafu
Rimoti?

Baba Padi
Hazikuja na rimoti.

Fundi Mstaafu
Hizo siyo TV. Ni monita za kompyuta.

Baba Padi
Sawa ni monita, lakini inchi 22, kioo hakina hata mkwaruzo. Kuna ofisi ilikuwa inahama, wakaziuza 70,000 kila moja. TV ya inchi hizo kwa bei hiyo mngenionyesha wapi? Na ningesema monita tangu mwanzo mngecheka tu. Kioo ni kioo. Sauti nina sabufa.

Chumvi Kali
Nimecheka hata hivyo.

Dada wa Zamu
70,000 mara tatu ni 210,000. Kwa mechi ya 300 hiyo ni mechi 700. Umezitoa wapi?

Baba Padi
Chogo zote nimeuza 35,000. Nyingine nilijazia.

Dada wa Zamu
Ulijazia na nini?

Baba Padi
Mama watoto alinipa hela ya kikoba nimpelekee kwa mweka hazina. Kikao ni Jumamosi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kufikia Jumamosi flat zingekuwa zimerudisha. Siyo kwamba nimeiba, ni hela ya nyumba moja inazunguka ndani ya nyumba hiyo hiyo. Na fundi nimeshampa 50,000, PS2 moja iko kwake imefunguliwa. Kwa hiyo msiniambie niache, niambieni namalizaje.

Dada wa Zamu
Kikoba siyo hela ya nyumba moja, ni hela ya wanawake ishirini waliobana matumizi ya jikoni. Mimi ni katibu wa kikoba chetu, nimeshaona mwenzetu anasimama mbele ya wenzake hana cha kusema, kumbe mumewe kaweka kwenye mkeka wa kubeti. Kamwambie leo. Mambo ya waya baadaye.

Jicho la Tatu
Wakuu, hii ni chai, katunga. Mwezi wa tatu huyu huyu Baba Padi alifungua uzi wa kuku wa kienyeji, yuko Kahama, akaandika kabisa kwamba hajaoa na hana mpango. Leo ana mama watoto, ana kikoba, ana ofisi Mbagala. Rudini mkasome.

Kigoda
Nimerudi nimesoma. Ni kweli. Kuku 40, bila mke.

Chumvi Kali
Mwenye vitumbua alete, chai tunayo.

Baba Padi
Uzi wa kuku alifungua mdogo wangu. Alikuwa anatumia simu yangu.

Jicho la Tatu
Mdogo wako, simu yako, kamera imepasuka. Endelea kukoroga.

Fundi Mstaafu
Mimi nasema ni kweli. Mtunga chai angetuandikia ugomvi na mama mkwe. Hakuna mtu anayekaa akatunga viungio vya kike.

Jicho la Tatu
Mtunzi mzuri anatunga hata hivyo. Ajibu hili haraka bila kumuuliza jirani: monita zote tatu nyuma zina HDMI?

Baba Padi
Mbili zinayo. Ya tatu ina tundu la bluu lenye skrubu mbili pembeni, na jingine jeupe, pana, nalo lina skrubu. Ndiyo maana hiyo sijaigusa.

Fundi Mstaafu
La bluu ni VGA, jeupe ni DVI. Jicho, umeridhika? Haya Baba Padi, sikiliza. Bodi za kuweka HDMI ndani ya PS2 zipo, zinaagizwa ng'ambo, na bei yake inaipita PS2 yenyewe. Fundi wa 60,000 hakuwekei hiyo, atakufungia kiboksi kile kile cha nje kwa ndani na kuziba na gundi. Kachukue PS2 yako kabla hajaitoboa.

Unachohitaji ni konveta ya AV kwenda HDMI, moja kwa kila PS2. Mimi Kariakoo nilinunua 18,000. Njano inaingia kwenye kiboksi, HDMI inatoka kwenda kwenye monita. Nyekundu na nyeupe zisipite humo, zipeleke moja kwa moja kwenye sabufa. Umeme wake unaweza kuuchukua kwenye USB ya mbele ya PS2, ila chaja ya simu haikusumbui. Ile monita ya tatu nunua waya wa HDMI kwenda DVI. Hapo waya mtupu unafaa, kwa sababu pande zote mbili ni dijitali, ni sauti tu haipiti.

Usitegemee maajabu. Kwa AV PS2 inatoa mistari 480 au 576 tu, kiboksi kikiandikwa 1080 kinaikuza tu, hakiiongezei kitu. Kwenye chogo ukungu ule ulikuwa unafichika, kwenye monita utaona nyasi zina mchanga. Na wachezaji watakuwa wanene kama wamevimba, kwa sababu picha ya mraba inavutwa. Ingia kwenye mipangilio ya PS2 ukubwa wa skrini weka 16:9, na kwenye gemu kama ina chaguo hilo.

Mtaa wa Pili
Au uza zote, nunua PS3 moja iliyotumika. Ina HDMI tangu 2006. Ukikuta giza unajua cha kufanya.

Kigoda
Mlio wa pili.

Baba Padi
PS3 moja na vijana kumi kwenye benchi, watapigana. Kesho naenda Kariakoo. Ya kikoba nitaona namwambiaje.

Dada wa Zamu
Leo. Siyo kesho.

*(siku mbili baadaye)*

Baba Padi
Wakuu nimerudi. PS2 nimeichukua, fundi kakata 20,000 ya kufungua. Viboksi nimenunua vitatu, vyeupe. Nimeunganisha kama alivyosema Fundi Mstaafu, kataa kekundu kanawaka, sabufa inatoa ule mlio wa kuwaka wa PS2. Skrini bado inaandika "No signal".

Jicho la Tatu
Birika limerudi jikoni.

Fundi Mstaafu
Sauti ipo, basi PS2 ni nzima. Juu ya kiboksi kimeandikwaje? Soma herufi kwa herufi.

Baba Padi
HDMI2AV.

Fundi Mstaafu
Hiyo 2 ya katikati maana yake ni "kwenda". Hicho kinatoa HDMI kukipeleka AV, ni cha mtu mwenye deki mpya na chogo. Wewe unataka AV2HDMI. Sura ni moja, matundu ni yale yale, muuzaji akichanganya rafu ndiyo hivyo. Karudishe vyote.

Kigoda
Yaani ungebaki na chogo vingekufaa.

Fundi Mstaafu
Kwa PS2 hata hapo visingefaa.

Baba Padi
Miwani yangu sijui iko wapi. Kanisomea mama watoto.

Dada wa Zamu
Kumbe anajua?

Baba Padi
Kajua leo asubuhi, nilipomwita asome. Sasa hivi yuko kwenye daladala na viboksi vyake, anaenda kubadilisha mwenyewe. Na risiti kaniambia nimkabidhi yeye.