Treina wa chuo Marekani amemzuia mdogo wangu kukimbia, kwani ana nguvu gani?

Jirani_wa_Iten
Wadau habari zenu. Mdogo wangu yuko Marekani mwaka wa pili, anakimbia kwa skolashipu. Juzi alinipigia usiku akilia eti treina amemkataza kukimbia krosi (mbio za nyika) wikendi hii, ugoko unamuuma wiki ya tatu sasa. Nikamuuliza na kocha anasemaje, akasema kocha hana la kusema. Hapo ndo nimechanganyikiwa, mi nilidhani treina ni yule wa kushika saa na kubeba chupa za maji. Mzee hapa nyumbani ameshaamua kwamba kijana amechokwa, chuo kinatafuta njia ya kumrudisha nyumbani. Nani anajua hii kitu inaendaje?

Krosi_Zamani
Kaka hilo jina ndo linapoteza watu. Treina wa huko si kocha, wala si yule wa gym wa kukuhesabia pushap. Ni mtu wa afya kabisa, siku hizi anasoma mpaka masta halafu anafanya mtihani wa bodi, na leseni ni lazima karibu kila jimbo isipokuwa California. Anafanya kazi chini ya daktari wa timu. Mimi chumba chake nilikijua kuliko bweni langu, asubuhi anakufunga tepu kwenye kifundo, jioni unakaa kwenye beseni la barafu mpaka kiunoni meno yanagongana, na kila ukisema "aah" anaandika kwenye faili. Kuhusu nguvu, vyuo vya zile ligi kubwa za NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko) vilipitisha sheria 2016 kwamba daktari na treina ndo waamuzi wa nani arudi kukimbia, kocha hapindui.

Sasa mimi nilificha maumivu ya mguu. Niliogopa skolashipu, nikawa nameza dawa za maumivu kimyakimya na kucheka mbele ya treina kama hakuna kitu, mpaka siku moja mazoezini mguu ukakataa, kumbe ufa mdogo kwenye mfupa ulikuwa umekuwa mfupa uliovunjika. Msimu mzima na magongo.

mzee_wa_hoja
Sawa ila msimfanye malaika, mshahara wake unatoka chuo hichohicho. Chuo cha Maryland 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa futiboli yao, alizidiwa na joto mazoezini na matreina hawakumtumbukiza kwenye maji ya barafu. Alifariki wiki mbili baadaye. Chuo chenyewe kilikiri makosa.

Dada_Tepu
Ni kweli, na sisi tulio kwenye kazi hii ilituuma sana maana hilo ni somo la mwanzo kabisa, mtu akizidiwa na joto unampoza kwanza ndo ambulensi imbebe.

Mimi ni Mtanzania, ni treina huku. Kaka, muulize mdogo wako swali moja: maumivu anaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, au yametapakaa ugoko mzima? Kama ni kidole kimoja tunashuku ufa kwenye mfupa, aombe MRI (kipimo cha picha ya ndani ya mfupa). Apimwe na madini ya chuma, wakimbiaji wa mbio ndefu huwa yanawaishia hasa mabinti. Pia ajue majibu yake ya kipimo cha chembe za selimundu (kuzibeba bila kuugua), divisheni ya kwanza ya NCAA walikiweka tangu 2010 na wengi wetu kutoka ukanda wa ziwa ndo tunajulia huku kwamba tunazo.

Na mzee atulie. NCAA hairuhusu kumfutia mtu skolashipu katikati ya mkataba kwa sababu ameumia. Aangalie tu karatasi yake ni ya mwaka mmoja au zaidi.

Jirani_wa_Iten
Dada ubarikiwe. Nimemuuliza, ni kidole kimoja. Na kumbe hata akilala inauma lakini hiyo treina hakuambiwa!! Nimemgombeza, kesho asubuhi anaenda kusema yote. Mzee nimemsomea kila kitu, amenyamaza muda mrefu halafu akauliza hiyo beseni ya barafu wanalipisha ngapi.