Naomba ushauri: nawafundishaje kidato cha tatu namba 4,294,967,297?

Wakuu, habari za leo. Nasimamia klabu ya hisabati shuleni, na nataka vijana waichambue namba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni namba tasa, kwa kuwa zile zinazoitangulia kwenye mfuatano wake (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja jumlisha 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha inagawanyika: 641 × 6,700,417.

Kuhakikisha si kazi. 641 ni 5 × 128 + 1, ambapo 128 ni 2 kwa kipeo cha 7, na hapohapo ni 625 + 16, yaani 5 kwa kipeo cha 4, jumlisha 2 kwa kipeo cha 4. Ukiziunganisha hizo mbili unamaliza kwa mistari michache, bila kikokotoo. Ni uzuri mtupu, na natamani sana wauone.

Ninapokwama ni hapa: mtu anajuaje ajaribu 641? Kila kigawo tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo unapita 193, 257, 449, 577, unafika 641. Ila sababu ya hiyo 64 inadai hesabu za mabaki, na vijana wangu hawajazigusa kabisa.

Mliowahi kufundisha mada hii, nianze na mabaki kwanza hata kama yatakula wiki kadhaa, au niwape kanuni ya 64 waitumie, sababu ije baadaye? Naogopa wataikariri tu. Mwenye mfano mdogo wa kuanzia, tafadhali anisaidie.