Naomba ushauri: sukari ya fukosi inaidhoofisha kingamwili yangu

Habari zenu wakuu. Natengeneza kingamwili ya aina ya IgG1 kwa kutumia seli za CHO (seli za hamsta zinazokuzwa maabara), lengo likiwa iziite seli ziuaji asilia ziue seli za saratani. Kushika shabaha inashika vizuri kabisa, lakini uuaji ni hafifu, tena unabadilika kutoka bechi moja hadi nyingine.

Nimepima sukari zilizoshikizwa kwenye kingamwili, kwenye asidi amino ya asparajini iliyo nafasi ya 297. Kwenye chati, kilele cha sukari isiyo na fukosi hakionekani hata nikikodoa macho. Naamini tatizo ni hapo: fukosi moja tu, kitu kidogo hivyo, inaizuia kingamwili isishikamane barabara na kipokezi cha FcγRIIIa kilicho juu ya seli ziuaji. Obinutuzumab, kingamwili ya kutibu saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ilipunguziwa fukosi kwa sababu hiyohiyo.

Sasa niko njia panda. Nikizima jeni ya FUT8, ile ya kimeng'enya kinachobandika fukosi, fukosi inaondoka, ila itanibidi nianze upya kuchagua seli, kazi ya miezi. Nikiweka kifunensini (kemikali inayozuia seli zisimalize kuchonga sukari) kwenye lishe ya seli ni haraka, lakini sukari zinabaki za manosi nyingi, na kingamwili za namna hiyo huondolewa upesi kwenye damu. Mimi moyo wangu uko kwa FUT8.

Halafu galaktosi, sukari nyingine ya hapo kwenye 297, nayo inapanda na kushuka, na hiyo inagusa ushikaji wa C1q, protini ya kinga iliyo kwenye damu. Aliyewahi kuongeza manganizi na uridini kwenye lishe ili kuipandisha galaktosi, alianza siku ya ngapi? Na aliyezima FUT8, seli zake ziliendelea kukua kama kawaida? Nitashukuru sana.