Kompyuta inaweza kugundua aloi ya kuhimili joto kali?

Kijana_Nkuhungu: Wakuu, nasoma fizikia hapa UDOM, nasikia watu wanatafuta aloi (michanganyiko ya metali) mpya za injini za ndege kwa hesabu za kompyuta kabla hata ya kuyeyusha chuma, inawezekanaje?

FundiKizota: Aloi za injini za sasa msingi wake ni nikeli, na nikeli inayeyuka 1455°C mkuu, ndo maana wanaangalia metali ngumu kuyeyuka kama niobi na tangsteni, tangsteni ni 3422°C! Ila michanganyiko ni mingi mno, tanuri gani litajaribu yote?

DadaMaabara: Mdogo wangu, kompyuta inapiga hesabu za elektroni kwa kanuni za kwanta (fizikia ya chembe ndogo kabisa), inaona mpangilio upi wa atomi una nishati ndogo yaani utatulia, unachuja, chache zilizobaki ndo unayeyusha. Kasheshe oksijeni, niobi ikipata moto hewani inaliwa vibaya, hapo lazima upime maabara. Anza na Quantum ESPRESSO, programu ya kupiga hesabu hizo, ni ya bure.

Kijana_Nkuhungu: Asante sana dada, naishusha leo.