Wenye magari walipishwe kuingia Posta? Tujadili

MTOA MADA:
Wakuu, habari za jioni. Huu ni Machi 2024, na gari langu lina mwezi wa tatu limelala nyumbani Mbezi. Kazini Posta, katikati ya Dar, naenda na mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake. Siyo uzalendo, ni hesabu. Mafuta na maegesho vilikuwa vinanila elfu ishirini kwa siku, na bado nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri ili niwahi kupita Ubungo. Sasa boda mpaka Kimara Mwisho, basi mpaka Posta ya Zamani, kwenda na kurudi elfu tano haifiki.

Juzi tukiwa tunapita kituo cha Fire nimesimama dirishani, nikahesabu magari kumi yaliyoganda kwenye foleni. Manane yalikuwa na dereva tu. Hoja yangu: anayeingia Posta au Kariakoo asubuhi peke yake garini alipe tozo, na hela hiyo inunue mabasi. Naomba kuwasilisha.

WA MANZESE:
Mkuu, karibu kwenye maisha yetu, ila hiyo hesabu yako ni ya mtu anayepandia Kimara Mwisho, basi likianza safari. Njoo Manzese saa moja asubuhi. La kwanza linapita limejaa, la pili linapita, la tatu linasimama na mlango haufungi mpaka wa mwisho asukumwe mgongo. Mimi siku hizi naingia kwa ubavu, begi tumboni, simu ndani ya soksi. Miaka minane ya kubanana hivyo, leo unataka utuongezee na watu wa kwenye viyoyozi? Waache hukohuko kwenye foleni yao.

MAMA WA TEGETA:
Samahani, nilipishwe kwa kukataa basi ambalo halipo? Huku Barabara ya Bagamoyo tunachoona ni vifusi na katapila. Mbagala ndiyo kabisa, zege limeshakauka, vituo vimesimama, mabasi bado. Halafu mimi siendi Posta tu. Nashusha mmoja shule, mdogo nampeleka kwa bibi yake, jioni nawakusanya na nyanya za kesho. Hayo yote niyafanye kwa boda?

Na kuna jambo mnalizunguka. Mwanamke akipapaswa humo ndani, nyie mnasema ni msongamano. Nilipanda wiki mbili, nikarudi kwenye gari langu, na sijuti.

MTOA MADA:
Dada, hilo la mwisho sina jibu, na sitajifanya ninalo. La Tegeta pia nimelipokea: tozo ianzie kwa sisi wa Barabara ya Morogoro wenye njia tayari.

Ila wa Manzese, hapo tunapishana. Mabasi yameanza Mei 2016. Tangu hapo anayesubiri kituoni ni wewe, na anayeamua yanunuliwe mangapi anapita pembeni kafunga vioo. Mto Msimbazi ukifurika, Jangwani inajaa maji na safari zinakatwa, kila masika, na tunalaumu mvua kana kwamba bonde lile limehamia pale jana. Mwenye gari akichoka kusubiri, ana mtu wa kumpigia simu. Wewe ukichoka unatafuta boda. Ndiyo maana nataka tubanane wote.

WA MANZESE:
Atapiga simu, au atarudi kwenye gari lake? Swali dogo tu mkuu: lako umeliuza?

MWINGINE:
Wanaotetea tozo hupenda kutolea mfano Ulaya, basi wamalizie hadithi. London walianza tozo ya kuingia katikati ya jiji Februari 2003, pauni 5 kwa siku, na mabasi 300 ya ziada yaliingizwa barabarani siku hiyohiyo. Hawakuambiwa lipeni kwanza, mabasi tutayaona baadaye. Hapa kwetu tozo ikishapita haikosei njia, basi ndilo linalopotea. Leteni mabasi Kimara yanayopishana dakika mbili mbili, mwaka mmoja, ndipo mnidai. Nitalipa bila kelele.

MTOA MADA:
Mabasi ya kwanza yatoke kwa hela gani sasa, ikiwa kila mmoja anasubiri mwenzake aanze?

WA MANZESE:
Hujajibu la gari.

MTOA MADA:
Sijaliuza, mkuu. Na niseme ukweli, Ijumaa ile maji yalipofunga Jangwani nililitoa. Betri ilikuwa imekufa, vijana wa kijiweni wakanisukuma mpaka likawaka. Nikazungukia Daraja la Salender na wenzangu wote, kufika Posta saa nne kasoro.

WA MANZESE:
Peke yako garini?

MTOA MADA:
Peke yangu.

MAMA WA TEGETA:
😂😂 Tozo tunaanza kukudai ya Ijumaa.