Naomba msaada: safu za Java zinanivurugia vipimo ndani ya Clojure

Kibosho_Juu (Moshi): Habari za jioni wakuu. Naandika programu kwa Clojure (lugha inayoendeshwa juu ya Java) inayosoma vipima unyevunyevu tulivyofunga kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Kipimo kimoja kila dakika, kwa hiyo kichanja kimoja kinatoa namba 1,440 kwa siku. Namba ya katikati inatafutwa na maktaba ya Java aliyoandika mwenzangu, nayo inataka safu (array) ya double, yaani namba zenye desimali.

Nilianza na into-array, ikagoma, ikalalamikia kitu kinaitwa [D. Nikaweka double-array, ikakubali. Yamebaki mawili. Kitanzi changu cha kujumlisha ni kizito mno. La pili ndilo linaninyima usingizi: nikishaiita ile maktaba, grafu inaonyesha unyevunyevu uko chini alfajiri, halafu unapanda bila kushuka hadi usiku. Alfajiri huku ni ukungu mtupu! Nimesimama pale mwenyewe, nailoni ya kufunikia inadondosha maji.

Sakina_Dev (Arusha): Pole mkuu. into-array huangalia kipengele cha kwanza, na namba zako ikazifanya safu ya vitu vya Double. [D ni jina la ndani la Java kwa safu ya double tupu. Ni aina mbili tofauti.

Kuhusu uzito, weka (set! *warn-on-reflection* true) mwanzoni mwa faili, uone kama aget (inayosoma namba moja ndani ya safu) inatolewa onyo. Safu ikiingia kwenye fanksheni kama kigezo, kompaila haijui ni ya aina gani, hivyo aina inatafutwa upya kila mzunguko. Itaje mwenyewe:

(defn jumla [^doubles a]
  (areduce a i j 0.0 (+ j (aget a i))))

Mzee_wa_Njiro: Kijana, hiyo maktaba imezipanga namba zako kuanzia ndogo hadi kubwa. Wengi hutafuta namba ya katikati kwa kupanga kwanza, na Arrays/sort ya Java hupanga ndani ya safu ileile uliyoipa. Vekta ya Clojure (orodha isiyobadilishwa) ukimpa mtu, yako inabaki ilivyo. Safu haina ulinzi huo. Mpe nakala, (aclone safu). Double 1,440 ni baiti 11,520 tu, usiogope gharama. Mimi vipimo ningeviweka kwenye vekta, safu niitengeneze pale tu ninapokabidhi kwa Java.

Na usilinganishe safu mbili kwa =, inauliza kama ni safu ileile, haitazami yaliyomo. Tumia Arrays/equals. Hilo liliwahi kunila siku nzima.

Mama_Tengeru: Nakubaliana na Mzee, ila nakala ilipaswa kufanywa ndani ya maktaba. Mwambie mwenzako, mwingine asiumie.

Kibosho_Juu: Asanteni sana. Onyo lilikuwepo kweli, mstari wa 41. Nimeweka ^doubles na aclone, na grafu ya jana sasa inaanza juu, inashuka mpaka saa nane mchana, jioni inapanda tena. Mwenzangu nimeshamwandikia.