Mjamzito anajulikanaje anaelekea kwenye sepsisi? Wifi yangu joto lilikua sawa kabisa

UmmKisauni
Salaam alaykum wana Mombasa, nna swali linaninyima usingizi. Wifi yangu mwezi uliopita alilazwa aisiyu, wodi ya mahututi. Alikua na mimba ya miezi minane, siku mbili tatu analalamika kiuno na mkojo unamchoma, akaenda kliniki moja (siitaji, sitaki maneno) wakampima joto 37.1 wakasema hana homa, uchovu wa mimba huo, akapewa panado akarudi. Kesho yake usiku akaanza kutetemeka meno yanagongana, anahema kama katoka ghorofa ya sita mbio, ukimuuliza anajibu vitu havieleweki, mavyaa akasema ni upepo wa bahari mumeacha dirisha wazi. Alhamdulillah yeye yu hai na mtoto yu hai ila figo zilikua zishaanza kugoma. Sasa mimi nna miezi sita. Hawa wahudumu wanajuaje huyu ni wa dawa za kumeza na huyu ni wa aisiyu? Kama joto halikusema kitu, nini kitasema?

SistaWaLeba
Pole habibty, Mungu amponye wifi yako. Mimi niko wodi ya wazazi mwaka wa kumi na mbili huu. Sepsisi si mdudu mwenyewe, ni mwili unapigana na mdudu mpaka unajipiga wenyewe, figo, mapafu, ubongo vyote vinaumia. Na mimba ni danganyifu wallahi, moyo wa mjamzito mzima tayari unaenda mbio kwa mapigo 10 mpaka 20 zaidi, presha inashuka kidogo miezi ya katikati, seli nyeupe za damu zinapanda bila ugonjwa wowote, kwa hivyo ukimpima kama mtu wa kawaida ama utamshtukia kila mtu ama utampita mgonjwa. Kitu kisichobadilika sana ni idadi ya pumzi. Ndio maana wataalamu wa Australia na Nyuzilandi mwaka 2017 waliporekebisha kipimo cha kushuku sepsisi kimfae mjamzito wakabakisha vitatu: pumzi 25 kwenda juu kwa dakika, presha ile namba ya juu iko chini ya 90, na akili kutokua sawa. Mwenye dalili za maambukizi akawa na viwili kati ya hivyo, huyo ni wa kukimbiliwa. Wifi yako kwa unavyosema alikua navyo viwili hata kabla ya presha. Hapo hapahitaji maabara, ni saa ya mkononi na mashine ya presha basi. Lakini ukweli uchungu, ukifungua mafaili utakuta pumzi 20, 20, 20, wodi nzima wanapumua pamoja kama kwaya. Hakuna aliehesabu.

BabaWawili_Likoni
Sista kwani kila anaehema ni sepsisi? Wangu miezi ya mwisho alikua akishuka ile njia ya feri tu anahema kama gari bovu.

SistaWaLeba
😂 Hapana. Ahesabiwe ametulia, amekaa, dakika nzima, na usimwambie unamhesabu manake akijua atabadilisha. Na pia huo mwendo wa feri kila mtu anahema.

CO_Changamwe
Sista yuko sawa ila niongeze, hivyo vitatu vinaonyesha alieshazidiwa, asiekua navyo bado si lazima yuko salama. Mimi nnaangalia pia huyu mama ametoka wapi. Maji yamepasuka tangu jana na hajazaa, leba imevuta sana na kila zamu imeingiza vidole, amefanyiwa operesheni, kondo limebaki kipande, mimba imetoka, ana damu ndogo, sukari au HIV, huyo hata kama anacheka nitampima tena baada ya muda. Halafu joto, watu wanaogopa 38 wanasahau chini ya 36, mimi huyo wa baridi ndie ananitisha zaidi. Ukishashuku, antibayotiki ndani ya saa moja, usingoje majibu ya maabara, damu ya kuotesha, ya kujua ni mdudu gani, ichukuliwe kwanza lakini isikucheleweshe. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2023, Kenya ilikuwemo, akina mama wa leba walipewa antibayotiki ya azithromycin gramu 2 mara moja tu na waliopata sepsisi au kufa wakapungua kwa karibu thuluthi. Hio si ya kujinunulia kwa chemisti tafadhali.

BiMwana_Kibokoni
Nyote mwasema mimba, mbona hamsemi arobaini? Mimi nilishikwa siku ya sita baada ya kuzaa. Mkandaji anakuja na maji yake ya moto, nimefunikwa blanketi, nimenyweshwa uji wa pilipili manga, natoka jasho, nani atajua hio ni homa au ni kukandwa? Nifasi, ile damu ya baada ya kuzaa, ikaanza kunuka na tumbo chini likawa haliguswi, mie naona haya kusema. Shangazi yangu mkandaji mwenyewe ndie aliesikia harufu akasema hapa simkandi mtu, piteni hospitali. Kukanda sina ugomvi nako, nilikandwa tena nilipotoka. Lakini yule mkandaji awe na pua.

CO_Changamwe
Bi Mwana umenishinda. Na kweli wengi huja wameshazaa, wiki ya kwanza ya pili, wakati kila mtu anamwangalia mtoto.

UmmKisauni
Shukran nyote. Sasa ile panado, yawezekana ndio ilificha homa? Manake aliimeza asubuhi nyumbani kabla ya kwenda kliniki, akapewa nyengine huko.

SistaWaLeba
Yawezekana sana, inashusha joto, mdudu iko palepale. Ukienda sema umemeza saa ngapi. Na usiseme "siskii vizuri", manake hio kila mtu anasema, sema mkojo unanichoma tangu jumatatu, nimetetemeka usiku, nimehesabiwa pumzi 28. Namba hairudishwi nyumbani kirahisi. Mkojo ukikuchoma tu hata leo nenda upimwe, usingoje kiuno.

UmmKisauni
Sawa sista. Nimemhesabu mume wangu hapa amelala, 14. Mavyaa nae 18, amenikamata nikimtumbulia macho kifuani akaniuliza una nini wewe 😂